Mfalme Aliyeuliza Kabla ya Safari

Jumanne, 26 Aprili 1994
Kifua kimetulia kidogo. Mjukuu wangu Kauthar, wa kidato cha tatu, kaleta swali la historia: linganisha utawala wa Mansa Musa wa Mali na wa Luis wa Tisa wa Ufaransa. Nilifundisha hayo hayo mpaka nikastaafu! Nikamweleza msafara wa Musa kwenda Maka, dhahabu aliyoigawa Misri hadi bei ikaporomoka. Luis nikampa sentensi mbili. Mwanangu Nasri akatania: baba lazima awe upande wa Musa, si naye anakwenda Hija? Nauli katoa yeye, kwa biashara ya redio za Dubai.

Alhamisi, 28 Aprili
Kauthar kasoma mwenyewe. Anasema Luis, kabla ya kwenda vitani ng'ambo, alituma watu wazunguke nchi kuuliza nani kaonewa na maofisa wake, arudishiwe haki. "Babu, Musa aligawia wageni. Huyu aliuliza kwanza nyumbani. Nani zaidi?" Nikasema nimechoka.

Uongo. Nilikumbuka likizo ya mwaka wa arobaini na nane. Mwalimu wa dada yangu Amne alinituma kwa baba: binti kachaguliwa kuendelea na masomo. Baba alikuwa na ng'ombe wa kumsomesha mtoto mmoja tu. Mmoja huyo — mimi. Nikamwambia baba, amefeli. Mwaka uliofuata Amne akaolewa kijiji cha Issuna.

Jumamosi, 30 Aprili
Wamejaa wa kuniaga. Nikasema kama desturi: niliowakosea, kwa kujua au kutojua, nisameheni. Wakaitikia pamoja, wamesamehe. Hata mmoja nisiyemjua, aliyefuata pilau, kasamehe. Rahisi hivyo. Niliona haya kuinua macho.

Jumapili, 1 Mei
Amne kaja na lori la mnada. Jogoo, asali. Kazeeka kunishinda. Kanipa shikamoo, kakaa mkekani, viti vipo. Nikaanza maneno yale yale ya jana. Hakuitikia.

"Nikusamehe lipi, kaka? Mimi ndiye niliyewaaibisha. Wewe ulifaulu, mimi nikafeli."

Nikasema nafuata dawa chumbani. Dawa iko mfukoni.

Nawasikia ukumbini. Amne kamwuliza Kauthar anaandika nini. Mtoto anamsimulia wafalme wote wawili, vizuri kuliko mimi. Amefika kwa Luis. Amne kauliza: huyo mfalme alikwenda mwenyewe kuwauliza watu, au alituma tu?

Kauthar hana hakika. Anamwambia, ngoja, Babu alikuwa mwalimu, atatujibu. Ananiita.

Nimeitika. Bado nimekaa kitandani. Ananiita tena —