Mama Amekula Kuku, Tata

Tata,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alinifunza adabu, si kwa sababu nimepoa. Sijapoa. Tangu Jumamosi iliyopita, nilipompeleka mama kula hotelini pale Kayanga, nina hasira ambayo siwezi kumpa yeye, siwezi kumpa mume wangu, wala siwezi kuimwaga kanisani, ambako bado wanakutaja kwa machozi. Basi naileta kwako mwenyewe, baba yangu. Naiandika wazi, kila anayejua kusoma hapa Rugu aisome akitaka, maana mambo yako yote mema uliyasema hadharani.

Kwa asiyekujua: ulikuwa mwinjilisti, watu wakakuita Mwalimu, ulikuwa na baisikeli nyeusi, na ulikuwa na kinywa kilichojua chakula kuliko kinywa chochote cha Karagwe. Hilo la kinywa sikunyimi.

Unakumbuka kuku alivyopikwa kwetu? Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Labda kwao. Kwetu mgeni alipokuja ulipona wewe, wakapona wageni, wakapona kaka zangu. Mama, aliyemlea kuku yule tangu kifaranga, aliyemnyonyoa, akamkatakata, akamkalia motoni moshi ukimwingia machoni, yeye alikula ndizi na maharage. Wanawake wa kwetu hawakula kuku. Hawakula mayai. Hawakula hata senene, panzi wetu wale, ambao ni wao waliohangaika kuwakamata na kuwakaanga. Mwiko. Na mama alikuwa mtu wa kushika mwiko hata mchuzi hakuuonja. Alikuita mlangoni mwa jiko, akakunyooshea kijiko, "Mwalimu, chumvi imekolea?" Ukafumba macho, ukaonja, ukasema, "Bado kidogo." Nikiwaangalia ninyi wawili na kile kijiko nilidhani huo ndio upendo. Nilikuwa mtoto, nisamehewe.

Kisha ukahubiri. Jumapili ile ulisimama mbele ya kanisa lote ukasema mwiko wa kuku umekufa, mbele ya Mungu hakuna chakula cha wanaume na chakula cha wanawake. Ukapiga meza! "Wanawake wa Rugu, kuleni kuku! Kuleni mayai! Kuleni senene!" Kina mama wakageuka wote kumtazama mke wa Mwalimu. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Alikuwa ameinamisha kichwa, lakini anatabasamu.

Jirani zetu watatu walichinjiwa kuku na waume zao wiki ileile. Mama akangoja. Ulijua vizuri kuliko mimi kwamba kwetu mwiko hauondoki kwa mahubiri. Unaondoka pale mwenye nyumba anapokata kipande, akamtia mkewe mkononi, akamwambia, kula. Alingoja wiki ile. Alingoja hadi Krismasi. Wageni wakaja, kuku akapikwa, ukaitwa mlangoni ukapewa kijiko, ukasema, "Sasa imekolea," ukaenda zako kukaa na wenzako. Nilimwona mama akibaki pale na kijiko mkononi. Nyani haoni kundule, Tata, lakini sisi wengine tuliliona.

Na usiniambie hukujua utamu wa kitu ulichokuwa unamnyima. Nilipofika umri wa miaka kumi na miwili ukaanza kunipakia nyuma ya baisikeli nikubebee vitabu, tukizunguka makanisa. Popote tulipofika, kabla ya salamu za wazee, kwanza hoteli. Siku hizo hoteli zilikuwa kitu kigeni kwetu. Wazee waliona ni aibu mtu mwenye migomba yake kutoa senti anunue ndizi iliyokwisha kupikwa. Wewe hukuona aibu hata kidogo. Ukanifundisha kuzipima. "Usitazame meza," ukasema, "bwana afya akija wote wanapangusa meza. Tazama maji ya kunawa. Mtu anayekupa maji machafu ya mikono, ya chai ameyatoa wapi?" Pale Omurushaka ulitafuna, ukaweka mfupa chini, ukamwita mwenye hoteli watu wote wakisikia: "Bwana, kuku huyu alikufa kwa uzee. Wewe umemzika tu kwenye mchuzi." Watu walicheka mpaka wengine wakapaliwa. Nami nilijivuna kuwa mtoto wako, nikiwa na kikombe changu cha chai na andazi.

Maana ndicho nilichopewa. Chai na andazi, Omurushaka. Chai na andazi, Kimuli. Nilikaa mbele yako nikitazama mafuta yakikumetameta midomoni, mimi natafuna andazi.

Pale Isingiro mwenye hoteli alikuwa mama mmoja Mwislamu aliyetoka Bukoba, mnene, mcheshi. Akakuuliza, "Mwalimu, na binti je? Nimwekee paja?" Ukamjibu bila hata kuinua macho, "Huyu chai inamtosha. Tumbo lake halipatani na kuku."

Tumbo langu! Lo! Tumbo ambalo halijawahi kuulizwa! Mtu aliyepiga meza kanisani, leo anasingizia tumbo la mtoto! Kama ungesema ni mwiko ningekuelewa. Ungesema unaona aibu kuonekana na binti anayekula kuku barabarani, ningekuelewa pia. Yule mama akarudi jikoni. Nilipokwenda nyuma kunawa akanifuata, akanitia mkononi bawa lililofungwa kwenye jani la mgomba. "Kula upesi," akasema. Nikalila nimesimama penye kuni. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najipapasa kidevu nyuma yako, maana bibi alikuwa ametuambia msichana akila kuku huota ndevu. Hazikuota. Kilichoota ni hasira, maana nilikuwa nimekwisha jua ukionja unafumba macho kwa sababu gani.

Sasa mimi ni mshonaji. Mume wangu ana gari la mizigo, nami nafuata magulio na cherehani yangu, Karagwe yote hadi kule kwenye machimbo ya bati. Na kila ninapofika naingia hotelini, nakaa kiti kinachotazama barabara, naagiza kuku kwa sauti. Ukitaka habari za hoteli zako nikupe. Omurushaka bado wanazika wazee kwenye mchuzi. Kimuli chai inanuka moshi, na chapati yao ungeweza kuwambia ngoma. Mwenye hoteli yule nikiagiza kuku ananiambia amekwisha. Anaingia mwanamume, kuku anapatikana. Nikamwambia, "Ebo! Kuku wako anafufuka kwa ajili ya wanaume tu?" Akaniletea shingo. Shingo, Tata! Nikaiacha sahanini, nikamwambia aile yeye na mkewe, kama mkewe anaruhusiwa. Isingiro yule mama amekwisha rudi kwao, mkwewe ndiye anayeendesha, anaongeza maji mchuzini mpaka unaona chini ya bakuli. Kule machimboni wanajaza sahani kweli, lakini pilipili ni nyingi kiasi kwamba nina wasiwasi na nyama iliyo chini yake. Angalau hawaulizi anayekula amevaa kanzu au gauni. Hoteli ninayoiheshimu ni moja tu, ya Kayanga. Maji ya kunawa ni safi na ya uvuguvugu. Ndizi inapikwa ndani ya majani mpaka inalainika yenyewe. Kuku anapikwa kwa samli na vitunguu, na si mzee. Sisifu ovyo, nimefundishwa na wewe.

Ulikufa mwaka juzi. Mwaka huu mama akaanza kuisha. Alikonda, akawa anatembea ameshika ukuta. Mganga wa zahanati akamtazama macho na kucha, akatuambia, "Damu imepungua. Mpeni mayai. Mpeni supu ya kuku, na nyama yake ale." Kwa mganga hilo lilikuwa jambo dogo kabisa.

Nilichemsha mayai mawili siku ileile. Mama akayasogeza pembeni.

"Siwezi, mwanangu."

"Mawe," nikamwita mama kwa kilugha chetu, "kanisa lilikwisha ondoa mwiko huo. Si baba mwenyewe aliyeuondoa?"

"Kanisani aliuondoa. Nyumbani hakuniambia."

Kaka zangu wakaja, wakamwamuru kwa upole, wakamwamuru kwa ukali. Akawajibu, "Ninyi ni watoto. Mtoto hamwondolei mama yake mwiko." Mchungaji akaja, akamwombea, akamsomea. Mama akamshukuru sana, akamkaribisha chakula, akampikia kuku! Ameshika ukuta, anampikia mchungaji kuku! Nilitoka nje nikapiga teke ndoo. Huo ndio urithi uliotuachia.

Ndipo nikafikiri, pengine mwiko wa nyumbani utalegea nje ya nyumba. Jumamosi nikampakia kwenye gari la mume wangu, tukamshusha Kayanga taratibu kama mayai. Hajawahi kuingia hotelini maisha yake yote. Wewe ulikuwa unakwenda naye wapi? Akakaa ukingoni mwa kiti, mkoba juu ya magoti. Akanawa. Akayasifu maji. Nikaagiza ndizi na kuku, paja, na mtumishi akaweka sahani mbele yake. Mama akafumba macho, akaomba, akaanza kula ndizi. Akala upande mmoja wote wa sahani, vizuri kabisa, kipande cha kuku hakukigusa. Mchuzi ulipoifuata ndizi, akaisogeza ndizi.

Nikatazama mikono yake. Pete yako inamlegea, ameizungushia uzi isidondoke. Nikajua kwamba tukirudi nyumbani na paja lile likiwa zima, nitamzika mama yangu kabla ya mavuno ya kahawa.

Nikafanya hivi, Tata. Nikalichambua paja, nikakata kipande, nikakiweka kiganjani mwake. Nikasema, "Kula, Mawe. Baba alisema."

Mkono wake ukasimama. "Alisema nini?"

"Ile siku ya mwisho, ulipokwenda kuchota maji. Aliniita, akasema, mwambie mama yako ale kuku. Mwambie ni mimi niliyesema."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Nilikuwa na uchungu, nikasahau. Nisamehe."

Akanitazama. Mimi, niliyekuwa natukana hoteli za Karagwe nzima, nikageuzia macho barabarani. Halafu akala. Alitafuna polepole, meno hayapo ya kutosha, akala paja lote, akaomba na bawa. Mfupa akaufyonza. "Kumbe ndivyo alivyo," akasema. Mchuzi ukiwa bado mikononi akafumba macho tena, akasema kwa sauti, hoteli nzima ikisikia: "Mungu ampumzishe mume wangu. Nilijua hatanisahau."

Wewe! Anakushukuru wewe!

Kweli ya siku ile tunaijua mimi na wewe tu. Mama alikuwa amekwenda kuchota maji, ndiyo. Uliniita, ndiyo. Nikainama, sikio langu mdomoni mwako, nikingoja neno la baba kwa binti yake. Ulisema, "Mwambie mama yako supu imepoa." Basi. Supu ya kuku, aliyokupikia yeye, bila kuionja. Ndilo neno lako la mwisho duniani, na nimelificha mpaka leo.

Neno moja tu, Tata! Kula. Hata kwenye meza ya Bwana husemwa. Kinywa kile kilichokuwa na maneno ya kila hoteli, kila mpishi, kila sufuria, kilishindwa na neno moja jikoni kwako miaka yote ile.

Leo mama anakula yai kila asubuhi. Jana alitembea mpaka kwa jirani bila kushika ukuta. Na huko kwa jirani anasimulia jinsi Mwalimu alivyomkumbuka kitandani mwa mauti, na kina mama wanalia, wanasema mume wa namna hiyo hapatikani tena. Wana haki. Hapatikani, kwa sababu nilimtunga mimi, pale Kayanga.

Ninajua mama hataisoma barua hii, hajui kusoma, na yeyote atakayemsomea atanikuta mlangoni kwake. Nakuomba jambo moja. Wanasema wafu huwatokea watu wao ndotoni. Wewe usimtokee. Amepata mume mwema uzeeni, usije ukamharibia. Nyamaza huko, kama ulivyonyamaza hapa.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.