Gauni la Vaileth

Hyattsville, Mei 2006

Dada yangu Sikujua,

Mimi mzima, na Marekani bado inanitegemea: bila mimi wazee ninaowahudumia hawaogi wala hawacheki.

Picha ya binti yako Vaileth akiwa ndani ya gauni nililomtumia imefika. Lilivyomning'inia, nikamtambia nesi wetu Mkenya, Chelagat: "Wamarekani hawa, gauni la msichana wa miaka kumi na minne wanashona kama hema!"

Akaitazama sana picha. "Gauni halina shida, Eliudi. Huyu msichana hashibi. Haanguki shuleni?"

Nikakumbuka uliniandikia kwamba alianguka mstarini mara mbili, nami nikakujibu kwa mzaha kuwa anakwepa hesabu. Nisamehe, dada.

Kwetu mayai na minofu ni ya wanaume, wasichana wanakwangua sufuria. Urefu huu ninaojivunia huku ulitoka kwenye sahani yako, na hukuwahi kulalamika.

Mpeleke zahanati wiki hii. Na kuanzia leo Vaileth apakuliwe wa kwanza, na yai lake zima. Kaka zake wakinuna, waambie mjomba wao ndiye aliyeamuru, na wasubiri.

Nduguyo aliyekula sana,
Eliudi