Kiti cha Mbele cha Kombi

Mwenzangu Namkunda,

Hatukuwahi kuonana. Ulishazikwa huku Mhezi, kando ya migomba ya wakwe zetu, wakati Elieza anakuja kwetu kunichumbia. Lakini nakujua kuliko ninavyowajua dada zangu, maana katika nyumba ile ya Same haipiti wiki hujatajwa. Kwa hiyo sina salamu ndefu. Nimekuja na kesi. Wanatutania Wapare kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Basi kuku wangu ni wewe.

Nakuonea wivu. Wanawake wengine huwaonea wivu walio hai, wanaojipaka poda na kupitapita mbele ya gereji ya mume. Mimi nimepewa marehemu. Marehemu hanuni, hazeeki, wala haunguzi mboga. Nitashindana naye vipi?

Habari za Kombi, gari lenu, nimezikariri zote. Wazungu wawili, mtu na mkewe, injini iliwafia pale Same, na siku zile spea ungeitoa wapi? Wakamwuzia fundi aliyekuwa akiihangaikia, yaani mumeo, ambaye sasa ni mume wangu. Ilikuwa na kitanda ndani, na kabati, na pazia. Mlikuwa mmeoana juzi tu. Dukani sabuni hakuna, watu wanafulia majani ya mpapai, mpaka wa Kenya ndiyo kwanza umefunguliwa. Mkapakia tangawizi ya Myamba, mkapita Himo, mkavuka Holili, mkaingia Taveta hadi Voi, mnalala humo humo garini. Mimi fungate yangu nilipalilia maharage ya mama mkwe.

Amenisimulia mpaka nimechoka. Mapazia ya khanga uliyoyashona kwa mkono. Mlivyorudi na mafuta ya kupikia, majirani wakawapokea kama maharusi kwa mara ya pili. Na makande. Mungu wangu, hayo makande. Eti asubuhi kabla ya kuondoka uliloweka mahindi na maharage kwenye ndoo yenye mfuniko, barabara ikayatikisa kutwa nzima, jioni ukayabandika Voi yakaiva upesi, laini kabisa. Mimi mama yangu ni Mpare wa Bombo, makande nayapika tangu nikiwa msichana. Elieza anakula, anashiba, anafuta mdomo, halafu anasema taratibu, "Mazuri. Ila yale ya safari…" Hamalizi. Ungekuwa hai ningekufuata kwako tukapigane.

Tangu uondoke mambo yamebadilika. Maduka ya Same yamejaa sabuni za kila rangi, mitumba inamwagwa chini kando ya barabara, hakuna tena anayehangaika kwenda Voi kutafuta mafuta ya kupikia. Kombi ikabaki uani, kuku wanatagia kitandani kwako. Watoto wangu wakipanda kiti cha mbele, baba yao anawashusha. Siku moja nilifungua mlango mwenyewe, nikainua mguu, akaniita kutoka gereji kwa sauti ya upole: "Mama Sifuni, hapo hapana." Upole ule uliniuma kuliko tusi. Nikajua kwamba katika ndoa yangu mwenyewe mimi nakaa nyuma.

Mwaka huu baada ya mavuno nikamwambia: ama uiuze, ama unipeleke. Sikulia. Nilisema huku nachambua maharage, ajue sitanii. Zikapita siku nyingi, kisha nikaona miguu yake imetokeza chini ya Kombi, anaitengeneza.

Tukaenda. Nikakaa mbele. Safari hii hakunishusha, na mimi sikumwangalia. Nilikuwa nimeloweka makande kwenye ndoo, maana nilitaka nikushinde kwenye uwanja wako mwenyewe. Baada ya Taveta barabara ikaharibika, tukaingia shimo moja, mfuniko ukaruka, na maji na mahindi na maharage vyote vikamwagika kitandani. Nikangoja anune. Elieza aliegesha pembeni akacheka mpaka akashika tumbo. "Hata yeye," akasema. "Siku ya kwanza kabisa. Godoro zima." Nikamwuliza, sasa yale ya Voi mlikula yapi? Akakuna kichwa.

Makande tuliyala jioni ile Voi, kwenye kibanda cha mama mmoja wa Kitaita karibu na soko. Elieza alitia kijiko kimoja mdomoni akasema, "Ndiyo haya." Sijui kama alikuwa akinidanganya au alisahau kweli. Kumbe miaka yote nimeionea wivu sufuria ya mtu mwingine.

Si hilo lililoninyamazisha. Elieza alipotoka kwenda kuangalia tairi, yule mama, aliyekuwa ameitambua Kombi, alinisogelea akaniuliza kama mimi ndiye mke wa sasa. Kisha akasema, "Yule wa kwanza alikuwa akila hapa machozi yanamtoka. Amechoka kuogea nyuma ya mlango wa gari, anaogopa askari wa mpakani, mgongo unamuuma. Alikuwa akisema anawaonea wivu wanawake wote wanaolala kwenye nyumba isiyotembea." Nikamwuliza, na mumewe? "Hakujua. Akimwona anakuja, anajifuta, anacheka."

Wanawake wote, Namkunda. Na mimi nimo.

Ile nyumba ya Same, ninayoilalamikia paa lake na vumbi lake kila siku, Elieza aliijenga kwa faida ya tangawizi yenu. Uliililia barabarani, na ilipoezekwa wewe ulikuwa umeshazikwa huku. Mimi ndiye niliyeingia humo, funguo mkononi, nikaanza kulalamika kwamba sikupewa Kombi. Nimekaa na jambo hili, sijui niliweke wapi.

Tumepanda huku milimani Mhezi kwa Krismasi, na kama kawaida kaburi lako nimeachiwa mimi. Siku zote nimekupalilia kwa hasira, nikiyang'oa magugu kama ninakuvuta nywele. Leo nimepalilia polepole, mpaka mama mkwe akaniuliza kama naumwa.

Elieza sitamwambia ulivyokuwa ukilia. Ulimficha wewe, na mimi namficha. Mwache abaki na safari yake. Kiti cha mbele nimekichukua na sikirudishi. Mapazia yako nitayafua, nitayarudisha palepale. Kesi sijaifuta, Mpare hafuti kesi, nimeiahirisha tu. Wivu bado upo. Ila mwakani nikija kupalilia nitakuletea makande yangu, yaliyolowekwa jikoni kwenye ndoo iliyotulia, nikumwagie kidogo hapa mchangani, na wewe ndiye utakayeniambia ukweli.

Lala, mwenzangu. Hapo ulipo hapatembei.

Mama Sifuni