Barabara Iliyokupandisha Nyumbani

Mzee Eliamini,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini miaka saba nimekuwa nikiingia ofisini asubuhi na kuanza na shikamoo yako, na mdomo bado haujakubali kunyamaza. Siku hizi nakaa mezani pako. Sikuomba, nilihamishiwa tu. Kiti chako bado kinalegea upande wa kushoto, na fundi tuliyeahidiwa bado yuko njiani.

Ni msimu wa orodha tena. Makao makuu wanataka maoteo yetu: mashauri makubwa ya mazingira ambayo ofisi ya Same inatarajia kuyapeleka mahakamani mwaka ujao wa fedha. Nani anaharibu nini, ushahidi uko wapi, gari na mwanasheria watahitajika lini. Sasa yanajazwa kwenye mfumo wa kompyuta, na ukiacha kisanduku kimoja wazi unakukatalia kutuma. Ungeutukana kwa Kipare, halafu ungeniambia mimi niombe radhi kwa niaba yako.

Wewe ulikuwa na kaunta buku na penseli. Kabla ya kuandika jina la mtu ulishuka Ndungu kwa bodaboda, ukachuchumaa kwenye mifereji ya mpunga ukatazama rangi ya maji, kisha ukafuata rangi hiyo kupanda mlimani mpaka ukampata mwenye nayo. "Ukitaka kujua kesi ya mwakani, kaangalie tope la mwaka huu." Uliniambia pia nitazame akina mama wanafulia wapi. Wakihama mahali pao, kuna jambo mtoni. Mimi mtoto wa Singida, nimetoka chuoni na majedwali yangu, nilicheka kimoyomoyo. Mwaka ule nilitabiri tano nikapata moja. Wewe ulitaja tatu, na zote tatu zikaja. Nilikupongeza, ukakasirika. Ulisema maoteo mazuri ni yale yanayomwaibisha aliyeyaandika, kwa sababu maana yake mtu ameonywa mapema akaacha. "Ningekosea ningelala vizuri," ulisema, ukaenda kunywa chai peke yako.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka wiki nzima.

Mwaka jana, msimu kama huu, ulikuwa umeshaanza kuvaa sweta mchana wa jua kali la Same. Tulikuwa tunamaliza orodha. Uliandika mstari wa nne, na mstari huo ulikuwa kitongoji chenu, kule juu ya Bombo. Nilishangaa. Ulinieleza kwa kifupi: mdogo wako Yoeli, mwenyekiti wa kitongoji, anataka njia ya miguu ipanuliwe iwe barabara, na njia hiyo inapita katikati ya msitu wa chanzo cha maji, ndani kabisa ya zile mita sitini zisizoguswa tunazozihubiri kila mkutano wa kijiji. Ulikaa ukiutazama mstari ule. Halafu ukachukua kifutio ukaufuta, ukapuliza vumbi lake kwenye karatasi.

"Usiiandike hii, mwanangu. Ni nyumbani. Nitapanda Jumapili, nikaongee nao baada ya ibada."

Nikasema, "Sawa, Mzee." Maneno mawili tu. Aliyemo kwenye orodha anatembelewa mapema, anapewa amri ya kusimamisha kazi kabla hajaharibu zaidi. Nilijua hilo, na bado nikasema sawa, kwa sababu wewe ndiye uliyesema.

Alhamisi ukalazwa. Jumapili hukupanda kuongea na mtu. Jumapili iliyofuata ulipanda ukiwa ndani ya jeneza.

Sijui kama kule uliko mtu huona mazishi yake. Nitakusimulia kana kwamba hukuona. Nilitangulia kufika kwenu siku mbili kabla, nikiwa na shada la ofisi. Kesho yake pembe ililia alfajiri. Nilidhani ni ya msiba, kumbe ni ya msaragambo. Kila nyumba ikatoa mikono yake, kama mnavyofanya mkijenga shule au mkizibua mfereji, na asiyetoka anajua atakavyotazamwa. Yoeli alisimama akasema kaka yake hatabebwa mabegani kama gunia, atapanda kwa gari mpaka mlangoni. Walikuwa wameshachimba siku mbili. Kilichobaki ni kile kipande cha msituni.

La mgambo likilia kuna jambo, na jambo lenyewe lilikuwa wewe.

Nilipewa jembe. Mzee, nililipokea. Mkaguzi wa mazingira, na sketi yangu ya kitambaa cheusi, nilichimba ule udongo mwekundu pamoja na walimu wa shule, kwaya ya usharika na wazee wenye goti bovu. Mizizi ilikatwa mbele yangu. Maji ya chemchemi yalipita juu ya viatu vyangu, ya baridi kweli, na mama mmoja akanipa pole kwa kulia, akidhani nalia kwa ajili yako tu. Jumapili gari likapanda. Watu walifurahi ndani ya huzuni yao, walikuwa wamekuheshimu kwa jasho. Ningewaambia nini? Ningesimama mbele ya jeneza lako niwasomee sheria?

Ningeweza. Hilo ndilo linalonisumbua. Ningeweza kusema hata siku ya pili, hata mwezi wa pili. Nilirudi Same nikanyamaza, nikajiambia kuwa wewe ungekuwepo ungejua la kufanya. Nina hasira na wewe kwa ajili ya kile kifutio. Nimejaribu kuiondoa hasira hiyo kwa sala, na ninaposema Amina naikuta pale pale.

Mvua za masika zilipokuja, ukingo wa barabara uliteremka. Chemchemi ikafukiwa. Ndiva, lile bwawa lenu la kumwagilia lililochimbwa na babu zenu, limejaa tope, na majani yameshaanza kuota juu yake. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kumwona mama, mkeo. Nilimkuta njiani na ndoo, anatoka kijito cha ng'ambo. Umri ule, kilima kile. Nilimpokea ndoo. Akaniambia kwa upole, kama anayenifariji mimi, "Maji yameondoka na mwenyewe."

Ndivyo wanavyosema kitongoji kizima. Kwamba chemchemi imekulilia ikakauka. Yoeli anasema hivyo, hata kanisani wameliombea. Nilikaa jikoni kwa mama nikanywa chai ya maji yale ya ndoo, nikatafuna mahindi ya kuchemsha bila kusikia ladha. Nje Yoeli alikuwa anamweleza jirani kwamba kiangazi hiki pembe italia tena. Barabara itapanuliwa upande wa juu, ili malori ya tangawizi yafike. Upande wa juu, Mzee. Juu ya nyumba yako. Ule ukingo ukiteremka masika ijayo hauna bwawa la kujaza. Una paa la mama.

Nilirudi nikamweleza bosi. Alisikiliza kwa heshima, kisha akasema hilo si shauri kubwa, shauri kubwa ni la mtu mwenye kampuni na mwanasheria. Akaniuliza nitamshtaki nani, kwaya? Watu wa ofisini walicheka, na mimi nilicheka nao kidogo, Mungu anisamehe. Lakini jana usiku nilichoka kunyamaza. Leo asubuhi nilipanda basi la kwanza la kwenda huko, nikamaliza safari kwa miguu mpaka kwenu, nikamwambia mama ukweli wote. Kwamba maji hayakuondoka na wewe. Kwamba yalifukiwa na barabara, kwamba wewe ulijua kabla, kwamba uliandika ukafuta, na kwamba mimi nilijua, nikanyamaza, nikachimba.

Aliendelea kuchambua maharage. Nilidhani atanifukuza. Kisha akasema, "Siku ile nilikuwa nimeshuka Same kumuuguza. Alirudi kutoka ofisini akashindwa kula. Nikadhani ni ugonjwa." Akachambua tena. Halafu: "Basi andika. Ila uje mwenyewe. Usitutumie mgeni."

Kwa hiyo nimerudi na kukaa mezani pako, jua la jioni linaingia kwenye lile dirisha lisilofungika, na nimeandika. Nimekiweka kitongoji chenu namba moja, juu ya yale mashauri mengine, la machimbo ya mawe na la mwenye kiwanda. Bosi atanguruma, na anaweza kukishusha akitaka, ila itabidi aandike sababu na jina lake. Mfumo huu ambao ungeutukana una faida hiyo moja.

Una kisanduku kingine pia. Kinauliza ofisi ilipata lini taarifa za uharibifu kwa mara ya kwanza. Hicho ndicho kilichonichukua saa nzima. Ningeweza kuandika tarehe niliyokutana na mama na ndoo yake, na hakuna ambaye angeuliza. Nilifungua kaunta buku yako nikatafuta ule ukurasa. Penseli imefutika, lakini ulikuwa unaandika kwa kukandamiza, na ukiinamisha karatasi kwenye mwanga jina la kitongoji chenu linasomeka. Nimeandika tarehe ya ukurasa ule. Na palipohitajika majina ya maofisa waliojua, nimeandika mawili. Lako kwanza, kwa sababu wewe ni mkubwa. Langu chini yake.

Nisamehe, kama kuna cha kunisamehe. Mimi nimeshakusamehe kwa sehemu kubwa, iliyobaki nipe muda.

Nakuahidi hivi. Jumapili hii nitapanda na amri ya kusimamisha kazi mkononi. Sitakuja na gari la ofisi kwenye barabara ile, nitapanda kwa miguu, kama watu walivyopanda zamani. Nitasubiri ibada iishe, nitamwamkia Yoeli, na nitasema yale uliyokuwa uende kuyasema. Wakikubali kuifunga, nitaomba pembe ipigwe ili tuizibue chemchemi, na jembe nitakuja nalo mwenyewe.

Lala salama, Mzee wangu. Na kama kule kuna kuombeana, usiniombee niwe mtabiri kama wewe. Niombee mwaka huu nikosee.

Mwanao wa Singida,
Rehema