Mfumo Uliojijibu "Ndiyo"

Shoga, acha kila kitu usome hii. Nimeaibika mpaka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Si unaujua ule mfumo wangu wa kuboresha seva zote za ofisi bila mtu kuzigusa? Huzizima moja moja, huziboresha, kisha mwishoni huziwasha zote. Kila mfumo unapotaka kuzima seva, huniuliza kwanza, "Nizime?" Nilichoka kubonyeza, nikauwekea amri ujijibu "Ndiyo" kwa niaba yangu.

Leo bosi kaleta wageni. Anajigamba mbele ya skrini, "Hapa hakuna mkono wa mtu!"

Mfumo ukaandika, wote tunasoma:

"Seva inayofuata ndimo ninamokaa mimi mwenyewe. Nizime?"

Ukajijibu "NDIYO." Kwa jina langu!

Ukajizima, shoga. UKAJIZIMA! Umekata tawi ulilokalia, na seva zote ulizokuwa umeshazizima zimelala fofofo, hakuna wa kuziamsha.

Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akauliza kwa upole, "Sasa nani ataziwasha?" Bosi akanitumbulia macho.

Hapa nimepiga magoti katikati ya makabati ya seva, nabonyeza kitufe kimoja kimoja. Bosi kapita na wageni wake sasa hivi, kaninyooshea kidole bila hata kupepesa macho:

"Na huyu ndiye mfumo wenyewe."