Ramani ya Mahame Yetu

Baba, shikamoo.

Tangu tukuzike, bonde limeingiwa na wageni. Siku hizi biashara ni ruksa, na tajiri mmoja wa mjini Songea anayataka mahame yote walikoishi wazee wetu, kuanzia mtoni hadi kilimani, alime tumbaku. Mwenyekiti wa kijiji anasema pale ni pori tangu dunia iumbwe. Anasema hivyo bila haya, naye mama yake alizaliwa palepale, kabla watu hawajahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa.

Unakumbuka tulivyopatafuta? Wewe mbele na ramani yako ya enzi za Wajerumani, umeishonea kipande cha shuka ili isichanike, mimi nyuma na chupa ya chai. Kila tulipofika mahali palipoandikwa jina kwenye ramani, ulipiga hodi kwenye nyasi tupu, ukamwaga unga kidogo, kisha ukafanya ishara ya msalaba. Mama alikutania kwamba siku padri akikufuma utaungama mpaka jioni. Ulipofika penye jina la babu yako ulikaa chini ukalia. Ndipo uliposema tukuzike hapo.

Mkutano wa kijiji ni kesho. Wanasema kaburi lako ni la juzi, halithibitishi kitu. Ramani ndiyo inayowakera, maana ina majina ya wazee wetu. Wiki iliyopita walikuja wanaume wawili kuiomba, wakanywa uji wangu vizuri tu. Juzi wakarudi. Mmoja alisimama mlangoni, akaniambia taratibu, "Dada, karatasi ya Wajerumani haina mwenyewe. Wewe una watoto."

Watoto nimewapeleka kwa shangazi, Msamala. Mbwa wetu hajaonekana tangu siku hiyo.

Naogopa, Baba. Sikufichi.

Leo asubuhi nilikuja kukupalilia, nikakuta umeshapaliliwa, udongo umefagiwa safi. Nimeuliza ndugu wote, hakuna aliyefika. Pembeni yako vimechomekwa vijiti vinne, vimezungushiwa kamba. Nilijipima kwa macho. Pananitosha.

Nimeving'oa. Vyote vinne nimekuja kuvichoma jikoni.

Kesho nitaitandaza ramani mbele ya watu wote, niyasome majina kwa sauti, nianze na la babu yako. Hilo nakuahidi, hata nikisimama peke yangu.

Kwaheri, Baba. Lala ulivyolala, usisogee kunipa nafasi.

Mwanao.