Treni ya Saa Nane na Robo

Ibra, 12 Aprili 2003

Dada yangu mpenzi Kaltham,

Shikamoo. Naomba khati hii ikukute mzima huko Sur, wewe, shemeji Khalifa na mpwa wangu Dalal. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila joto limeshaanza kutukaba, na nyumba ya marehemu mama ni kubwa mno kwa mtu mmoja.

Jana nimepata khabari kutoka Japani. Bwana Mori, mkuu wa stesheni ya kule nilikokaa, ameniandikia kuwa reli yao imefungwa. Ilijengwa zamani za babu zao kushusha makaa ya mawe kutoka milimani. Makaa yalipokwisha vijana wakahama, ikabaki treni ya behewa moja, safari tatu kwa siku, vizee wanaokwenda hospitali na watoto wa skuli. Njia ilikuwa moja tu. Dereva haondoki mpaka Bwana Mori amkabidhi pete ya chuma, ndiyo ruhusa yake, wasije wakagongana na anayetoka upande wa pili. Siku ya mwisho, anasema, watu walilia.

Utajiuliza nayajuaje haya, nami mlinipeleka kusoma uhandisi. Dada, chuo kilinitoa mwaka wa pili. Niliona haya kurudi, mama keshautangazia mtaa mzima kuwa mwanawe atarudi injinia. Bwana Mori akanipa kazi ya kufagia behewa na kukwangua theluji. Miaka mitatu nikikuandikieni khabari za masomo.

Sasa lililo zito. Nilikwambia telegramu yako ya mwaka 1998 ilikwama chuoni, ikanifikia mama keshazikwa. Ukawalaani watu wa chuo mpaka leo. Si kweli. Chuo kiliniletea siku ya pili yake: mama mahututi, anakuulizia, njoo. Bwana Mori akaniambia nipande treni ya saa nane na robo, nitawahi ndege. Aliizuia dakika nne kwa ajili yangu, yeye ambaye hakupata kuichelewesha. Nikasimama na fagio langu, nikiwaza nitamjibu nini mama akiniuliza cheti. Akanitazama, akampa dereva pete, treni ikaondoka.

Mama aliishi siku tisa baada ya hapo. Uliniambia kila akiuliza ulimjibu kuwa niko njiani.

Alkhamisi nitakuja Sur. Ukiona usinifungulie mlango, sitakulaumu. Ila niambie, dada: alikuamini?

Mbusie Dalal, na shemeji mpe salamu zangu za hishima.

Mdogo wako,
Ghaith